Kile Kinachong'aa Angani Ni Nini? Mwongozo Kamili wa Kutambua Sayari, Nyota, Setelaiti na Ndege

Kila wiki ambayo anga limetakata watu wananitumia picha ileile: weusi mtupu, kidoti cheupe katikati, na chini yake swali, hii ni nini? Picha ya hivyo haijibiki. Haina saa, haina upande, haina hata kona ya paa ya kupimia. Na wengi wao programu ya nyota wanayo kwenye simu, waliielekeza juu ikawaambia ni sayari ya Zohali, wakageuka kidogo ikawaambia kitu kingine, wakachoka wakaizima.

Wanapokwama ni kwamba wanaanza na jina. Jina linakuja mwisho. Kwanza unaondoa vile ambavyo haviwezi kuwa, unabaki na viwili vitatu, hapo ndo simu inakuwa na kazi ya kufanya.

Nimeandika kwa anga la huku kwetu, Dar, Zanzibar, Mombasa, Nairobi, Mwanza, maana miongozo mingi ya Ulaya inakuambia uanze na Nyota ya Kaskazini, na hiyo ukiwa Dar iko chini ya upeo wa macho, hutaiona hata upande ghorofa ya ishirini.

## Vitu vya kuandaa

- Mahali ambapo taa haikupigi usoni. Paa la zege, uwanja wa shule, ufukweni. Si lazima kuwe na giza totoro, vitu tunavyovitafuta hapa vinang'aa mpaka Kariakoo vinaonekana.
- Kitu kisichotikisika cha kupimia: kona ya paa, nguzo ya umeme, ukuta. Mnazi usiutumie, upepo unautikisa.
- Ngumi yako. Nyoosha mkono mbele mpaka mwisho, kunja ngumi: upana wake ni digrii 10 hivi. Kidole kidogo ni digrii 1. Kutoka upeo wa macho mpaka utosini, yaani juu kabisa ya kichwa chako, ni ngumi tisa. Mtoto ana ngumi ndogo ila na mkono wake mfupi, kwa hiyo kipimo kinabaki kilekile.
- Tochi yenye mwanga mwekundu. Funga kitambaa au karatasi nyekundu inayopitisha mwanga.
- Kalamu na karatasi.
- Darubini ya macho mawili, 7x50 au 10x50, kama unayo. Kama huna endelea tu.
- Simu yenye programu ya anga. Stellarium ina toleo la bure na linatosha. Ipakue nyumbani, halafu iweke mfukoni mpaka hatua ya sita.

## Hatua ya 1: Tulia gizani na ujue pande zako

Macho yanahitaji dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza vizuri. Ukiwasha skrini nyeupe mara moja tu unaanza upya, ndo maana ya ile tochi nyekundu.

Ukisubiri, kumbuka jua lilizama wapi. Hapo ndo magharibi kwa makadirio. Simama ukiwa umeipa magharibi mkono wa kulia, mbele yako ni kusini. Andika saa, na upande kile kitu kilipo, na kiko ngumi ngapi kutoka chini.

Umefanikiwa kama unaweza kumwambia mtu kwa simu "saa mbili na robo usiku, kusini magharibi, ngumi nne kutoka chini" na yeye akitoka nje mtaa wa pili akakiona palepale.

## Hatua ya 2: Je, kinatembea?

Hii ndo hatua watu wanairuka na ndo inayoondoa nusu ya makosa yote. Simama ukiwa umeegemea ukuta, fumba jicho moja, kipange kile kitu kikae sawasawa na ncha ya nguzo au kona ya paa. Usisogeze kichwa. Hesabu dakika mbili.

Kwa nini ukuta na nguzo? Kwa sababu ukikazia macho nuru moja katika giza, ubongo wenyewe unaanza kuisogeza. Utaapa kabisa kwamba imeenda kushoto ikarudi. Watu wengi "walioona kitu kinacheza angani" walikuwa wanaangalia nyota iliyotulia kwao.

Kimehama waziwazi ndani ya hizo dakika mbili? Basi si nyota wala sayari. Chagua hapa:

*Ndege.* Ina taa zinazopigapiga, na nyingine nyekundu na kijani kwenye mabawa. Tahadhari kubwa ni ndege inayokuja kutua ikiwa imekuelekea wewe: taa zake kubwa za mbele zinaonekana nuru moja nyeupe kali, imesimama, haina sauti, inakaa hivyo dakika kadhaa halafu ghafla inageuka na kujigawa. Wakazi wa Kipawa na Vingunguti, karibu na uwanja wa ndege wa Dar, wanalijua hili, ila mgeni akilala huko siku ya kwanza lazima atapiga picha.

*Kituo cha Anga cha Kimataifa.* Nuru nyeupe iliyotulia, haipigipigi, inaweza kukaribia ukali wa sayari ya Zuhura. Kiko juu kama kilomita 400 na kinaenda zaidi ya kilomita 27,000 kwa saa, kwa hiyo kinakata anga lote kwa dakika kama sita. Daima kinatokea upande wa magharibi kwenda mashariki, kinyume na mwendo wa nyota. Kinaonekana zaidi saa mbili za mwanzo baada ya jua kuzama au kabla halijachomoza, maana kinahitaji jua limulike kule juu wakati sisi tuko gizani. Mara nyingi kinafifia na kupotea katikati ya anga, usishtuke, kimeingia kwenye kivuli cha dunia.

*Setelaiti za Starlink.* Siku chache baada ya kurushwa zinapita nyingi kwa mstari, kama shanga kwenye uzi. Baadaye zinatawanyika, unaziona mojamoja na zimefifia.

*Kimondo.* Sekunde moja mbili kimekwisha. Ukipata muda wa kumwita jirani, hicho si kimondo.

*Droni na fanusi za moto.* Droni iko chini, inaunguruma, betri yake haikai usiku kucha. Fanusi ina rangi ya chungwa, inafuata upepo na inazimika.

Hakijahama? Ongeza dakika, fikisha kumi. Dunia inazunguka, kwa hiyo kitu chochote halisi cha angani kilichoko mashariki au magharibi kinasogea digrii 15 kwa saa, yaani ngumi moja na nusu. Katika dakika kumi unapaswa uone kimeachana na kona ya paa kwa upana wa kama vidole viwili vidogo. Vya kusini kabisa vinasogea taratibu zaidi. Kama baada ya nusu saa hakijasogea hata chembe, hiyo ni taa ya mnara wa simu. Hapo usicheke, minara iko mingi na taa zake zimewadanganya watu wazima.

## Hatua ya 3: Je, kiko kwenye njia ya jua?

Sayari hazikai popote. Zote zinapita karibu na njia ileile ambayo jua linapita mchana na mwezi unapita usiku. Kwa hiyo ukiijua njia, unajua wapi sayari inaweza kuwepo na wapi haiwezi.

Kuichora ni rahisi kama mwezi upo: vuta mstari wa mawazo kutoka pale jua lilipozama, pita kwenye mwezi, endelea mpaka upande wa pili wa anga. Huo mstari ndo njia. Sayari haikai mbali nao, mara nyingi iko ndani ya ngumi moja.

Mwezi usipokuwepo tumia kipimo hiki: kitu kikiwa kimefika katikati ya safari yake, si mashariki wala magharibi, kwa mtu wa Dar au Zanzibar sayari haizidi sana ngumi tatu kaskazini ya utosi wala ngumi mbili kusini yake. Kwa mtu wa Nairobi ni kama ngumi mbili na nusu kila upande. Kwa hiyo kile kikali kilichokaa chini kusini kabisa, ambacho kila mtu anakiita Zuhura, si sayari. Hakiwezi. Ni nyota, na tutafika huko.

Tahadhari: hiki kipimo cha utosi kina tapeli mmoja, Sirius. Ndiyo nyota inayong'aa kuliko zote za usiku, na kwa Dar inapita kama ngumi moja tu kusini ya utosi, kwa hiyo kwa kipimo hiki inajifanya sayari. Namna ya kuikamata iko hatua ya tano.

## Hatua ya 4: Je, kinametameta?

Nyota ziko mbali mno, mwanga wake unatufikia kama ncha moja, hewa ikitikisika na mwanga unatikisika. Sayari iko karibu zaidi, ni kiduara kidogo hata kama macho hayakioni, kwa hiyo mtikisiko unajifuta na nuru inatulia.

Kila mtu anaijua hii kanuni, tatizo wanaitumia vibaya. Haifanyi kazi kitu kikiwa chini ya ngumi mbili kutoka upeo wa macho. Pale chini unatazama kupitia hewa nyingi, yenye joto la mabati na moshi wa jikoni, na hata Zuhura inacheza.

Jaribu mwenyewe mwezi wa Desemba. Kaa uangalie mashariki mpaka Sirius itoke juu ya mapaa. Inawaka nyekundu, kijani, bluu, nyeupe, inabadilika kwa sekunde, ukiwa na darubini ndo balaa zaidi. Hapo ndo zinaanza zile meseji za droni za kijasusi. Subiri muda wa saa mbili ipande ngumi tatu, utakuta imekuwa nyota nyeupe ya heshima, inameta tu.

Umefanikiwa kama umepima kitu kikiwa juu na unaweza kusema bila kusita: kimetulia, au kinameta.

## Hatua ya 5: Kipe jina

Sasa una vitu vinne: hakikimbii, kiko au hakiko njiani, kinameta au kimetulia, na saa.

### Kimetulia na kiko njiani: ni sayari

Zuhura. Nyeupe, kali kuliko kila kitu ukiacha mwezi. Haiachani na jua zaidi ya digrii 47, kwa hiyo iko magharibi jioni au mashariki alfajiri na kwingine haipo. Kwa hesabu ya ngumi moja na nusu kwa saa, haiwezi kubaki zaidi ya saa tatu hivi baada ya jua kuzama. Ukiona kitu kikali saa sita usiku, si Zuhura, hakuna mjadala. Ile "nyota" iliyokaa karibu kabisa na mwezi mwandamo mwanzoni mwa Ramadhani, Machi 2023, ilikuwa hiyo.

Mshtarii, ambayo wengi wanaiita Jupita. Nyeupe iliyokolea maziwa, ya pili kwa ukali baada ya Zuhura siku nyingi, na hii inaweza kuwa popote njiani, mpaka utosini usiku wa manane. Kama unayo darubini ya macho mawili, egemeza viwiko ukutani uitazame: utaona vidoti viwili mpaka vinne vimejipanga mstari mmoja pembeni yake. Hiyo ni miezi yake, Io, Europa, Ganymede na Callisto. Ukiviona, kazi imekwisha, hakuna kitu kingine angani chenye sura hiyo. Kesho yake mpangilio umebadilika.

Mirihi. Rangi ya chungwa. Inasumbua kwa sababu haina msimamo, miezi mingi ni kidoti cha kawaida tu, halafu kila baada ya miezi 26 hivi inakaribia na kuwaka kwelikweli. Ilikuwa hivyo Januari 2025, zamu inayofuata ni Februari 2027, na mwezi huohuo Mshtarii nayo iko kwenye ukali wake upande uleule wa anga, kwa hiyo andaa majibu ya majirani. Ile meseji ya kila Agosti kwamba Mirihi itaonekana kubwa sawa na mwezi ni uongo uliozunguka tangu 2003. Haijawahi na haitawahi.

Zohali. Njano iliyopauka, imetulia, haishangazi. Watu wanaipita. Pete zake hazionekani kwa macho wala kwa darubini ya mkono, zinataka ile ya kusimamisha, inayokuza kama mara 30.

Utaridi. Iko chini sana, karibu na jua, muda mfupi. Ukiiona hongera, ila kile kinachokusumbua kila siku si hii.

### Kinameta: ni nyota

Hapa mwezi wa kalenda unakusaidia, maana kila nyota inatoka dakika nne mapema zaidi kila siku, kwa mwezi mzima ni saa mbili. Nachukulia umetoka nje kama saa mbili au tatu usiku.

*Desemba mpaka Machi.* Tafuta nyota tatu zilizojipanga mstari mfupi ulionyooka, zimelingana. Hizo ndo ufunguo. Fuata mstari wake upande mmoja unafika Sirius, nyeupe. Fuata upande wa pili unafika Aldebaran, ya chungwa, na ukiendelea unakuta kifungu cha Kilimia. Pembeni ya zile tatu kuna mbili kali, Rigel ya bluu na Betelgeuse nyekundu. Sirius ikikudanganya kwamba ni sayari, angalia kama zile tatu zinaielekea. Sayari haina mwenzake wa kudumu, baada ya miezi imehama. Sirius haihami.

Kutoka Sirius shuka kusini ngumi tatu na nusu: Canopus, wazee wa bahari wanaiita Suheli. Ni ya pili kwa ukali kati ya nyota zote za usiku, na kwa uzoefu wangu ndo hiyo inayoitwa "Zuhura" kimakosa kuliko zote.

*Aprili mpaka Juni.* Kusini kuna mbili kali zimekaa jirani, Alpha na Beta Centauri. Zinanyooshea kidole Msalaba wa Kusini. Hapa kuna mtego: upande wa Canopus kuna msalaba mwingine, mkubwa zaidi na uliofifia, na watu wanauchukua huo. Wa kweli ni mdogo na una zile mbili zinazouelekea, wa uongo hauna. Ukigeuka kaskazini, ile ya chungwa ni Arcturus, hiyo inaitwa Mirihi kila mwaka.

*Julai mpaka Septemba.* Juu karibu na utosi kuna Nge, kundi la nyota lenye umbo la nge na mkia wake uliopinda, ukimwona mara moja humsahau. Nyekundu iliyoko kifuani ni Antares. Kaskazini, nyeupe ya bluu, ni Vega, na iko kaskazini mno kuwa sayari.

*Oktoba na Novemba.* Anga limepooza. Fomalhaut kusini ya utosi, Achernar chini zaidi kusini, basi. Na hiyo ni faida: miezi hii ukikuta kitu kikali kuzunguka utosi, sayari ndo ya kuifikiria kwanza. Mawingu ya vuli yakikuruhusu lakini.

## Hatua ya 6: Sasa toa simu

Programu inakosea kwa sababu dira ya simu inakosea. Fanya hivi kwa mpangilio:

1. Toa kava, hasa lile lenye sumaku la kufungia. Ondoka karibu na gari, geti la chuma na matanki. Vyuma vinavuruga dira.
2. Washa lokesheni. Bila hiyo programu inaweza kukuonyesha anga la mji mwingine kabisa.
3. Zungusha simu hewani ukichora namba 8 mara kadhaa. Utaonekana kichaa, fanya tu.
4. Ielekeze kwanza kwenye mwezi. Ukiona mwezi wa kwenye skrini umeachana na mwezi wa kweli kwa ngumi moja, basi na majibu yote yatakuwa yameachana ngumi moja upande huohuo. Mwezi haupo? Tumia zile nyota tatu, au Nge.
5. Weka rangi nyekundu ya usiku na punguza nyota hafifu. Programu inaonyesha hata Neptuni, ambayo macho hayaioni, na mtu anarudi kusema ameiona Neptuni.

Umefanikiwa kama jina la simu linakubaliana na hatua ulizopita. Zikipingana, amini macho. Simu ikisema Mirihi na kile kitu kiko kusini chini kabisa kinameta, dira imepotea.

## Hatua ya 7: Bado hujapata? Piga picha ya kujibika

Usivute (zoom) kwa kamera. Simu ikivuta kidoti gizani inashindwa kulenga, inakutolea duara lenye mawimbi na rangi, na hapo ndo watu wanasema wameona chombo. Hilo duara ni lenzi yako.

Egemeza simu ukutani, weka hali ya usiku, na hakikisha paa au nguzo imeingia kwenye picha. Piga moja, subiri dakika kumi bila kuhamisha simu, piga ya pili. Picha mbili za hivyo zinaonyesha mwendo, na mwendo ni nusu ya jibu.

Halafu unapouliza, andika hivi: mji, tarehe, saa, upande, ngumi ngapi kutoka chini, rangi, kinameta au kimetulia, kimesogea kiasi gani kwa dakika kumi. Mstari mmoja tu. Mfano: "Tanga, 14 Mei, saa tatu kasoro usiku, kusini, ngumi mbili na nusu, nyeupe, kinameta, kimesogea kidogo sana, pembeni kuna kingine kama hicho." Hiyo najibu bila hata kufungua picha, ni Alpha Centauri na jirani yake.